Omena za Kuomba

Ilianza Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sokoni Kawangware, Nairobi. Upande wetu wa ziwa uvuvi wa omena ulikuwa umefungwa ili zizaane, na meza ya mama pale soko la Toi ilikuwa imekaa tupu wiki nzima. Mwenye meza alishasema ikifika Jumapili bado iko tupu, anampa muuza viatu.

Ndiyo maana tulimfuata mama mmoja mfanyabiashara anayetoka Mwanza, upande wa TZ wa ziwa hilo hilo. Huleta dagaa, ambazo ni omena hizo hizo, na akirudi kwao lori limejaa mabeseni ya plastiki ya hapa Nairobi. Alikuwa amebaki na gunia mbili tu.

Mama akamwendea moja kwa moja. "Niaje, mama TZ! Nipe hizo gunia, haraka!"

Yule mama akajifunga leso vizuri, akaangalia kando. "Zina mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Si unauza?"

"Nauza, lakini siamrishwi."

Mama alidhani anapandisha bei. Mimi nilijua si bei. Kwenye redio za TZ nimesikia mtu akiagiza hata chai kwa "naomba". Shida ni kwamba mimi huwa siongei. Darasani nikiulizwa swali naangalia sakafu. Lakini nilifikiria viatu vya mtu mwingine vikipangwa pale kwetu, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama. Pole na safari. Naomba gunia mbili."

Mama akanivuta sweta. "We msichana! Unaomba nini? Sisi si omba-omba, tuko na pesa!"

Mama wa Mwanza akacheka mpaka akashika mbavu. "Marahaba, mwanangu. Mama, kwetu hata mwenye pesa huomba. Chukueni."

"Na mwenyewe je?" mama akauliza.

"Mwenyewe si huyu?" akasema mama wa Mwanza, akinishika bega.

Kitabu cha biashara kinasema nchi zinauziana. Mimi niliona mama wawili wakiuziana, na wasingeelewana, lori lingekuwa limevuka mpaka bure kwetu. Mama alibeba gunia moja akinung'unika, "Naomba... ai, hilo neno linakwaruza koo!" Mimi nilibeba la pili, na sikusikia uzito.

Jumapili asubuhi nilifika Toi kabla ya wote. Nikamwaga omena mezani, nikajaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, mpaka juu ikafanya kilima, nikaita wateja kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.