Niliripoti Harusi ya Mtumbwi

Niliamini, tena kwa moyo wote na mapafu yote mawili, kwamba ng'ambo ya ziwa, ukivukia Mwigobero, bandari ya Musoma, kuna kijiji cha wavuvi ambako wanaume wanaoa mitumbwi. Si mfano! Wanaoa. Wanatoa mahari, wanamfunika bibi harusi khanga, na mtumbwi ukinuna unarudi porini kwa wazazi wake.

Aliyeniambia ni kinyozi mmoja wa Kabasa, kule kwetu Bunda, wembe ukiwa shingoni pangu. Mtu mwenye wembe shingoni pako humbishii.

Kuamini si kosa. Wajinga tuko wengi, na mjinga aliyetulia hana madhara kwa mtu. Kosa langu ni kwamba niliamini huku nina cheti! Nivumilie basi nilitoe lote, maana limenikaa kooni miaka yote hii kama mwiba wa samaki ningu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mtu mzima anahimizwa aende darasani. Mimi nilikuwaga napiga pasi kwa fundi cherehani mmoja pale Iringo, mjini Musoma. Mchana mkaa, jioni kisomo. Nikahitimu! Cheti chenyewe kilikuwa kikubwa kama mlango wa ghala la pamba. Nikakitundika ukutani, nikawa nakula ugali nikikitazama badala ya mboga. Nikaanza kusema "kwa mujibu wa" hata ninapoagiza chai.

Dawati moja nilikaa na Masatu, mvuvi wa kijiji hichohicho cha uvumi, ambacho sitakitaja kwa sababu nakiogopa hadi leo. Alikuwa analeta samaki Mwigobero, anauza, halafu anakuja darasani ananukia furu. Mkono wake uliozoea kasia ulivunja penseli sita za serikali. Mimi nilimshika mkono mpaka akaweza kuandika jina lake. Yeye kila Jumamosi aliniletea sato mnene. Unataka rafiki gani tena duniani?

Sasa mwalimu akatupa kazi sisi wahitimu: kila mmoja aende kijiji asichokijua, aangalie mila za huko, aandike ripoti. Itakayoshinda itasomwa mbele ya ofisa wa maendeleo.

"Njoo kwetu," Masatu akaniambia. "Jumamosi tunateremsha mtumbwi wa mama kutoka mlimani. Kuna harusi yake. Utakunywa uji mpaka ushindwe kuinama."

"Harusi ya nani?"

"Ya mtumbwi."

Lo! Moyo wangu uliruka ukagonga meno. Kinyozi alikuwa msema kweli!

Mama Masatu alikuwa mjane. Mtumbwi wa marehemu mumewe ulikuwa umeoza, umebaki wa kunyweshea ng'ombe, na nyumba nzima ilikuwa inakula kutokana na mtumbwi. Huo mpya ulikuwa unachongwa juu mlimani, kwenye miti iliyobaki, kwa miezi mingi. Ilikuwa lazima uingie majini kabla ya masika, kwa sababu mito ikijaa, ningu hukimbilia midomoni mwa mito kwa wingi, na hapo ndipo mvuvi anapata chakula cha mwaka. Ukikosa majuma hayo, umekosa mwaka. Haya yote Masatu alinieleza tukiwa tunavuka. Nilimsikia. Sitasema sikumsikia.

Kijiji chenyewe ni cha kale, jamani! Walikuwepo kabla ya Mjerumani, na Mjerumani alipofika wakamuuzia samaki waliooza. Pale ufukweni hupigi mluzi. Huruki wavu uliotandazwa, unazunguka, hata kama umetandazwa mpaka Bunda. Dagaa wameanikwa juu ya mawe, wanawake wanawageuza huku wanakusalimia bila kukutazama.

Mama Masatu aliniangalia kwa makini. "Wewe ndiye uliyemfundisha huyu kuandika jina lake?"

"Kwa mujibu wa mwalimu, ndiyo, mama."

Akacheka, akaniwekea kichwa cha samaki kamongo, sehemu ya mgeni wa heshima. Nilikila chote. Kumbuka hilo: nilikila chote, mpaka mashavu.

Tukapanda mlimani. Sijawahi kuona watu wengi vile! Walikuwa elfu tisa. Haya, punguza, walikuwa themanini. Na katikati yao umelala mtumbwi wa gogo moja, mrefu hatua kumi na sita, umefunikwa khanga mbili kichwani. Fundi Bwire, aliyeuchonga, amesimama pembeni analia kwa sauti. "Mwanangu ananiacha! Nimemlea kwa tezo, nani atamtunza?"

"Mimi!" Mama Masatu akajibu. "Nitamlisha samaki!"

Vigelegele! Kamba zikakazwa, ngoma ikapigwa, bibi harusi akaondoka. Mimi nikatoa daftari.

Hatujafika mbali, mbele ya boma la kwanza, mtumbwi ukasimama.

"Bibi harusi amegoma!" fundi Bwire akapaza sauti.

"Amegoma nini tena?" wanawake wakaitikia.

"Anasema nyumba hii haijamsalimia!"

Mwenye boma akatoka na mtungi wa uji wa mtama. Watu wakanywa, wakakaa kidogo, wakataniana, wakafuta jasho. Kisha mwenye boma, wanawe na wakwe zake wakashika kamba nao, mtumbwi ukakubali kutembea. Boma la pili, vilevile. La tatu, vilevile, na kamba inazidi kujaa mikono.

Mimi na cheti changu nikaandika: "Bibi harusi ana tabia ya kununa mbele ya kila nyumba, na hatulizwi ila kwa uji."

Jua lilipopinda tulikuwa nusu ya njia, kwenye mwamba bapa. Wakamweka hapo. "Analala ugenini," fundi akatangaza. "Jumamosi ijayo tunammalizia." Kila mtu akaenda kwake. Nikaandika tena: "Ameachwa peke yake juu ya jiwe. Hakuna hata mmoja aliyemwonea huruma."

Ripoti nikaipa jina: NDOA HARAMU BAINA YA RAIA NA VYOMBO VYA MAJINI. Kurasa kumi na moja! Nilitumia maneno yote niliyofundishwa na mengine ambayo hata mwalimu hakuyajua. Nilipendekeza wake hao waandikishwe kwa mabalozi wa nyumba kumi, au talaka zitolewe mara moja. Niliwaza ripoti ile itapanda ngazi, itapita Butiama ikipigiwa makofi na njia nzima, itafika Dar es Salaam na kurudi na cheo changu mkononi.

Ikashinda. Masatu hakuwepo siku ya kusomwa, alikuwa ziwani. Ofisa wa maendeleo, bwana mmoja aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni na zote zinavuja, hakucheka hata kidogo.

"Ndugu," akasema, "umeibua jambo zito."

Mimi? Jambo zito? Nilikua urefu palepale, suruali ikawa fupi!

Siku ya Alhamisi ofisa akavuka na kutoa amri: harusi za vyombo zimepigwa marufuku. Chombo kitateremshwa kisasa, Jumamosi, saa mbili kamili, kwa kazi ya kujitolea, bila khanga, bila ngoma, bila uji, bila kulia. Mimi nikateuliwa kupuliza filimbi.

Filimbi, ndugu yangu! Katika kijiji kisichopiga mluzi!

Jumamosi saa mbili kamili tulikuwa pale kwenye mwamba: ofisa, mimi na filimbi. Wakaja Mama Masatu, Masatu, mdogo wake na fundi Bwire. Na jogoo mmoja, lakini huyo alikuwa anapita.

Tukangoja. Saa tatu. Saa nne. Nikashuka hadi boma la jirani, nikakuta wanaume saba wanashona nyavu kivulini.

"Ndugu wananchi, hamji?"

"Kwenye nini?"

"Kwenye kazi!"

"Kazi? Mura, kijana, kazi kila mtu anayo kwake. Ungesema harusi tungekuja jana."

Wakacheka mpaka sindano zikawaponyoka. Nikarudi. Nikapuliza filimbi. "Moja, mbili, tatu, sukuma!" Watu sita na gogo la hatua kumi na sita. Halikusogea hata unene wa ukucha. Kilichosogea ni mshono wa suruali yangu, niliyoipiga pasi mwenyewe. Masatu alikuwa upande wa pili wa mtumbwi, ananiangalia juu ya ukingo. Ofisa alikuwa amemwambia kila kitu niliposhuka bomani. Heri angenitukana.

Ofisa akafuta mikono. "Hapa pana tatizo la uelewa," akasema, akaenda zake kuandika kuhusu tatizo la uelewa.

Mtumbwi ukabaki juu ya jiwe. Jua la Mara unalijua? Lilipiga wiki ya kwanza, la pili, la tatu. Gogo bichi halitakiwi kukaa juani. Mama Masatu alikuwa anapanda kila asubuhi na majani ya migomba kulifunika, na ndoo ya maji kulimwagia, peke yake. Wiki ya nne masika yakaanza, mito ikajaa, ningu wakapita. Watu wa mitumbwi mingine wakavua mpaka wakachoka. Nyumba ya Mama Masatu ikala dagaa wa kupewa.

Na Masatu? Aliacha kisomo, akaenda Bunda kwenye kinu cha pamba. Mvuvi aliyezaliwa majini anabeba marobota ya pamba kwetu, nchi kavu, anakohoa vumbi la nyuzi! Kinyozi wangu wa Kabasa ndiye aliyemwona. "Kuna mtu wa ziwani pale kinuni," akanisimulia. "Nasikia mke wake ni mtumbwi, amemfukuza."

Sikucheka. Kwa mara ya kwanza nilijifuta povu, nikaondoka na nywele upande mmoja.

Nikavuka ziwa. Nikamkuta Mama Masatu kwenye mwamba na ndoo yake. Mtumbwi ulikuwa na ufa kwenye ubavu, ningeweza kuingiza kiganja. Nikapiga magoti, nikasema nimekosa, nikasema sana, nikasahau hata "kwa mujibu wa".

Alinisikiliza mpaka maneno yakaniisha. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Una karatasi?"

"Ninayo."

"Basi andika nyingine."

Nikaandika palepale, nimelaza daftari juu ya tumbo la bibi harusi. Kichwa cha habari: SHEREHE YA UHAMASISHAJI WA NGUVUKAZI KWA KUTUMIA SANAA ZA JADI NA LISHE. Mambo ni yaleyale! Khanga, ngoma, uji, kilio. Ofisa akaisoma mara mbili, akagonga muhuri wa kwanza, akagonga wa pili kwa furaha. "Haya ndiyo maendeleo," akasema. Kisha Mama Masatu akanituma boma kwa boma, niwe mshenga, nialike kila mtu kwa mdomo wangu, nimejifunga khanga. Mabomba ya maji ya kuniaibishia hayakuwapo, lakini ndoo zilikuwapo, na kila boma lilinimwagia yake.

Wakaja themanini. Ofisa naye alikuja, akashika kamba, akanywa vibuyu vitatu vya uji na kulia kumshinda fundi Bwire. Kabla jua halijapinda mtumbwi ulikuwa ufukweni, ufa umezibwa kwa pamba na lami. Pamba ya Bunda, tena; sijui nani alifanya makusudi.

Ulielea. Ulivuja kidogo, lakini ulielea. Mwaka ulikuwa umeshapotea, na Masatu hakuwepo kuuona. Alirudi baada ya msimu wa pamba na kikohozi chake. Tulikutana Mwigobero, akaniamkia kama unavyomwamkia karani. Sato wa Jumamosi hajarudi hadi leo. Na wanawake wa pale sokoni wakiniona wanaitana: "Shemeji wa mitumbwi huyo! Shemeji, mke wa mwenzio hajambo?" Nawajibu hajambo. Nifanyeje!

Kwa hiyo wewe unayefunga safari kwenda kuangalia mila za watu, na daftari lako na kalamu mbili za akiba, nakusihi. Ukilishwa kichwa cha kamongo, kula, shukuru, halafu uliza. Uliza kabla hujaandika! Aliyekuambia hekaya na wembe mkononi hakwenda huko. Na cheti kinathibitisha kwamba ulikaa darasani. Basi, hakithibitishi kingine.

Mimi niliuliza mwisho kabisa, jioni ileile ulipoelea. Watu wameshatawanyika, mtumbwi unacheza majini umefungwa kwenye jiwe, Mama Masatu anakunja khanga zake. Nikamsogelea polepole, maana jambo lilikuwa bado linanisumbua.

"Mama, sasa ameshafika kwa mumewe. Mumewe ni nani hasa?"

Akaziweka khanga chini, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mwanangu," akasema, "hakuna mtu hapa aliyewahi kuoa mtumbwi. Mtumbwi ni mti. Ni mzito, na mlimani ni mbali. Ukiita watu kwenye kazi wanakuja wanne. Ukiita kwenye harusi wanakuja themanini. Ndiyo hivyo tu."