Sijali na Maji ya Mwarobaini

Siku ile mbwa wetu alipokuwa na watoto wachanga naikumbuka, mwanangu, vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Harusini nilifunikwa shela, sikuona kitu.

Tulikaa Zinga, ndani kidogo ukitoka barabarani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, na kusubiri ndiyo kazi niliyoiweza. Nilishinda nyumbani kama mtungi, hata dukani mpaka nisukumwe. Wakati huo dada yangu alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, na kila asubuhi jirani yetu Bi Mwanahamisi alikuja kumkanda kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini. Mimi nilibeba beseni. Haikupita wiki nikajiona nami mkunga.

Sijali, mbwa aliyelinda muhogo wetu usiliwe na nguruwe pori, naye alikuwa amezaa juzi yake kwenye banda la kuni. Watoto watano, macho yamefumba, wanalaliana kama viazi kwenye kikapu. Nilipomwona mama yao amejilaza, amechoka, nikamwonea huruma. Huyu naye si mzazi? Maji ya dada yalikuwa yamebaki kwenye sufuria. Basi nikamkanda Sijali mgongo, tumbo, na chuchu zote, naye kwa upole wake akatulia. Ningekuwa na hina ningempaka.

Watoto wakaanza kulia. Walijikokota hadi kwenye ziwa, wakanusa, wakageuza shingo. Mmoja alionja akaachia palepale. Nilijua nimeharibu, lakini niliona haya kusema, nikakaa nao nikijidanganya kwamba watazoea. Jua likapanda. Yule mdogo kuliko wote akaacha hata kulia, na nilipomshika tumbo lilikuwa limebonyea, mwili umeanza kupoa. Hapo ndipo nilipokimbia kwa Bi Mwanahamisi, nikasahau hata shikamoo.

Bi Mwanahamisi mbwa hamgusi, anachunga udhu wake. Alisimama mlangoni mwa banda, kanga ameikusanya magotini, akanusa hewa, akauliza nimemfanya nini mnyama wa watu. Nikamweleza.

"Mwarobaini tunapaka titi tukitaka kumwachisha mtoto ziwa," alisema. "Hawa hata kunyonya hawajajua, umeshawaachisha."

Nikajitetea kwamba mbona dada anakandwa kwa maji hayohayo.

"Dada yako kifua sijamgusa, ulikuwa unaangalia wapi? Tena dada yako kaniita. Huyu kakuita nani?"



Akaniagiza la kufanya, yeye akiwa palepale mlangoni. Nimsafishe Sijali chuchu kwa maji matupu ya uvuguvugu, nirudie, nirudie tena, kisha nimwache ajirambe mwenyewe. Yule mdogo nimweke tumboni kwangu, ndani ya nguo, apate joto. Nilipomkamulia maziwa ya mama yake midomoni, tone kwa tone, mengi yalimwagika. Nikajaribu tena. Akameza. Nilipomrudisha kwa mama yake alipapasa kidogo, akalishika ziwa, vijiguu vikaanza kusukuma lile tumbo kama anayekanda unga. Nikalia, sikufichi.

"Haya, sasa toka," Bi Mwanahamisi akasema. "Mwache na wanawe."

Kutoka kulinishinda kuliko yote. Mtu wa kukaa ndani kama mimi, nikaambiwa nikae nje, tena bila la kufanya.

Mwanangu, kesho utakuwa shangazi, au wifi, au mkwe wa mtu, na utafika kwa mzazi umejaa mapenzi. Peleka maji, peleka kuni, peleka unga wa uji. Kabla hujamshika yeye au mtoto wake, muulize anataka nini, na akisema hataki kitu, usinune. Kaa karibu umwamini. Mzazi asiye na mdomo wa kusema, mtazame kwanza anavyofanya mwenyewe. Na ukiharibu, piga mbio uite anayejua wakati huohuo. Mwarobaini wangu ulikuwa mbaya, lakini ile asubuhi niliyokaa nikiona haya ndiyo iliyokaribia kumwua yule mdogo.

Mungu akujalie uzao mwema, mwanangu, na jirani wa kukusema wakati bado pana nafasi ya kurekebisha. Amina.