Kalibu Ambazo Mwenyewe Hakuziona

Mke mkubwa wa mume wangu lilikuwa tanuri. Nilimwambia hivyo kila siku, naye akicheka tu. Tulitoka Kenya tukiwa bado maharusi, tukapanga Katwe, mtaa wa mafundi ng'ambo ya mpaka, akawa anatengeneza kalibu, vile vyungu vya udongo mgumu ambavyo mafundi huyeyushia shaba na aluminiamu. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi vipuri vilikuwa haviingii nchini, kwa hiyo Katwe nzima ilimtaka yeye.

Kipimo cha joto hatukuwa nacho. Kulikuwa na kitundu cha kuchungulia ukutani mwa tanuri, basi. Mwanzoni kalibu ni nyeusi, ukuta nyuma yake umeshakuwa mwekundu. Zinashika moto taratibu, zinafika rangi ya chungwa, kisha manjano. Halafu, jamani, zinapotea! Joto lake likilingana na la ukuta, zinang'aa sawasawa nao, jicho halitambui tena kipi ni kipi.

"Ukiona kitu, ongeza kuni," aliniambia, bega lake kwenye langu. "Usipoona kitu, acha."

Na aliyewasha ndiye afunguaye, tena tanuri likiwa baridi kabisa. Hapo alikuwa hana mzaha.

Asubuhi moja aliwasha, akaniachia kuchochea, akaenda soko la Nakasero kututafutia sukari. Mchana jirani yangu, mke wa polisi, mtu wa kaskazini, akaja anahema.

"Mama, bwana yako wamebeba. Watu ya serikali, ile ya miwani nyeusi. Wewe usiende kuuliza, watabeba na wewe."

Nilimtukana, maskini, naye amenishika kiuno nisikimbie. Nyuma yetu moto ulikuwa unafifia. Ningefanya nini? Nikachukua kuni. Nilichochea huku nalia na kulaani, hadi kitunduni nikawa sioni kitu. Nikaziba mdomo wa tanuri kwa udongo.

Likapoa. Mafundi wakaja kudai kalibu zao, nikawafukuza. "Mwenyewe akija atafungua." Jioni nilikaa nimeegemea yale matofali, shati lake mapajani. Nilimtamani mpaka mwili ukauma, hata kikohozi chake cha moshi kilichokuwa kikiniudhi.

Kaka yangu alikuja na lori kutoka Busia. Watu walisema mpaka utafungwa.

"Dada, twende."

"Sijafungua tanuri."

"Basi fungua."

"Siyo langu kufungua!"

Akakaa chini karibu nami. Hakunisukuma. Siku ya pili yake nikachukua patasi mwenyewe, nikaubomoa ule udongo.

Niliomba angalau moja iwe imepasuka, nipate la kugombezwa naye. Nilizitoa moja moja, nikizigonga kwa kidole kama alivyokuwa akifanya, na kila moja ililia safi. Zote zilikuwa nzima. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchoma namna ile.

Nikazipanga uani, nikamwita jina lake kwa sauti, aje aone. Majirani wakafunga milango.