Utepe wa Kijani Niliufunga Mimi

Assalaam aleikum. Admin, nakuomba usitaje jina langu wala kijiji chetu, kwa maana huku kati ya Tiwi na Diani watu hujuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Si mwongeaji. Hata shuleni, jibu nililolijua nililiandika pembeni mwa daftari, sikunyoosha mkono.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo mimi na mama tunaishi kwa mjomba, na ndiye aliyenisomesha. Mjomba ni fomeni, msimamizi wa mafundi, kwenye ujenzi wa nyumba za wageni karibu na kwetu. Nilipomaliza shule akaniombea kazi hapo, ya kuandika daftari la usalama.

Kazi hiyo niliipenda mno. Kabla ya msingi kuchimbwa, wenye mradi walikaa baraza na wazee wakakubaliana: vijana wa hapa waajiriwe kwanza, lori zisipite wakati watoto wanakwenda madrasa, barabara imwagiwe maji ili vumbi lisiingie majumbani, na maji ya saruji yasielekezwe upande wa kisima. Hata miti ya jukwaa la kupandia mafundi haikuwa mikoko. Ilikuwa mivinje iliyopandwa na wakulima wa Msambweni. Hayo yote niliyaandika kila siku, na nilijiona nina faida. Na kila asubuhi mjomba alitakiwa akague kamba zote za jukwaa, kisha mimi nifunge utepe kwenye ngazi. Kijani, watu wapande. Mwekundu, mtu asiguse ngazi. Mafundi walinitania, wakiniita Mwalimu wa Zamu.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kumwaga zege la ghorofa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi jua likawaka kweli. Kamba za katani zikilowa kisha zikakauka hulegea. Hata mimi nilishalijua hilo. Lakini asubuhi hiyo ustadhi alikuja kutusomea dua, kukawa na uji na mahamri, watu wakakaa mpaka saa tatu. Mashine ya zege ikawa inangoja. Mjomba akaniambia nifunge kijani. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kamba hajazikagua.

Akasema, "Mwanangu, si tumeomba dua sasa hivi? Au wewe huna imani?"

Imani ninayo. Na ustadhi mwenyewe, baada ya dua, alituusia tuwe waangalifu. Nilitaka kumkumbusha mjomba hilo, sikumkumbusha. Nikafunga kijani.

Fundi wa kwanza kufika kwenye ngazi ni jirani yetu, nitamwita Kaka Salim ingawa si jina lake. Yeye hakuwa mtu wa kupanda bila kuuliza. Akanitazama akasema, "Mwalimu wa Zamu, imekaguliwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akacheka. "Haya, Mwalimu akisema ndiyo, mimi ni nani nibishe." Akapanda peke yake, wenzake wakiwa bado wanapanga ndoo kwenye mashine.

Haikupita nusu saa. Nilisikia mti ukiteleza, kisha kishindo. Salim alianguka, akavunjika nyonga na mkono. Watu walipokuwa wakimbeba kumpeleka garini, nilimwona mjomba akifungua utepe wa kijani, akautia mfukoni, akafunga mwekundu.

Sasa kijiji kizima kinasema Salim alipanda akiona mwekundu. Wenye mradi wamesema vijana wa hapa hawafuati sheria, na kuna maneno kwamba wataletwa mafundi kutoka mbali. Wenzake waliokula naye sinia moja wanasema amewaharibia riziki. Naye amelala hospitali, hawezi hata kujigeuza.

Tangu siku hiyo siwezi kutulia. Nafagia uwanja, nikimaliza nafagia tena. Naanza kufua, nguo naziacha kwenye karai. Nafungua daftari, nalifunga.

Juzi nilikutana na mama yake Salim dukani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanishika mkono, hakuuachia. Akasema, "Salim asema alikuuliza, nawe ukamwitikia. Ni kweli, mwanangu?" Nikamjibu kwamba nimetumwa sukari na nimechelewa. Niliondoka mbio, na sukari sikununua.

Nilimweleza mama. Akasema, "Kweli ni yako. Lakini paa hili ni la ndugu yangu." Tangu hapo hajazungumza nami habari hiyo.

Na mjomba si mtu mbaya, msije mkamtukana hapa. Kila siku huenda hospitali na chakula, akirudi hali kitu, anakaa tu kibarazani. Ameniambia niandike daftarini kwamba utepe ulikuwa mwekundu. Anasema yeye akiondolewa, atakayekuja hatakuwa na uchungu na vijana wetu, hata mmoja hatabaki kazini. Namsikiliza naona ana haki. Kisha nakumbuka vile Salim alivyocheka, naona sina haki hata ya kulishika lile daftari.

Alhamisi anakuja afisa wa usalama kazini. Atalisoma daftari, halafu atazungumza nami peke yangu, mjomba hatakuwepo. Salim aliniuliza mimi, hakumuuliza mjomba. Aliyemwitikia ni mimi.

Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi wazee mnaosoma ukurasa huu, msiniambie nisali tu, kwani nasali. Ukurasa wa siku ile bado ni mweupe. Niandike nini, na nikishaandika, jioni hiyo nirudi kulala nyumba ya nani?