Mwanya wa Fundi Pini

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa fundi yule wa nguo ni pini. Alizibana kwa meno ya mbele, vichwa vyake vya rangi vikichungulia nje ya midomo, na bado aliongea. Alimwambia mteja ainue mkono, ageuke, aache kuvuta tumbo ndani kwa sababu gauni halidanganyiki, na mteja alielewa kila neno. Ndiyo maana watu wakamwita Fundi Pini.

Katikati ya meno yake mawili ya juu palikuwa na mwanya, na mwanya ule ulikuwa urithi. Mama yake alifariki bila kupigwa picha hata moja. Shangazi zake walipotaka kumkumbuka marehemu walimwomba Fundi Pini acheke, naye akacheka kwa kinywa kizima, nao wakatikisa kichwa na kusema ndiye yuleyule.

Kwa miaka thelathini mwanya ulimfanyia kazi. Ulikata uzi, ulishika pini, na zaidi ya yote uliweka hesabu. Kila nguo aliianza na pini kumi mdomoni. Ulimi ukizipitia na kukuta mbili, alijua nane zimo kwenye kitambaa. Hakuna mteja aliyewahi kuchomwa na nguo iliyotoka kwenye chumba chake, na kwa hilo alitembea kifua mbele.

Basi mwanya ulipoanza kupanuka, alifurahi. Aliona urembo unazidi kadiri umri unavyosogea. Kisha nafasi nyingine ndogo ikajitokeza pembeni, nyama ikawa inanasa humo, na fizi zikatoa damu asubuhi. Akadhani ni uchafu. Alinunua mswaki mgumu kuliko yote dukani, akasugua kama anavyosugua ukosi wa shati la fundi magari. Damu ikazidi, naye akazidi kusugua.

Aliyemshtua ni wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye cherehani yake ilitazamana na ya kwake.

“Wifi, meno yako yamerefuka,” alimwambia siku moja, sindano ikiwa imesimama. “Na mtu mzima haoti meno.”

Fundi Pini alijibu kwamba wivu wa mwanya haujaanza leo. Wifi akasema waliofunzwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta ni wengi, ila yeye ndiye wa kwanza kuuacha ufa makusudi na kuuita urembo. Wakacheka mpaka cherehani zikanyamaza. Lakini siku ile, alipouma uzi, jino la kushoto la mwanya lilicheza. Hakucheka tena mpaka jioni.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono mitulivu. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akakiingiza taratibu kati ya jino na fizi, akamtajia msaidizi wake kina chake kwa milimita. Fundi Pini, ambaye maisha yake yote ni vipimo, alisikia sita akajua kwamba si namba njema. Daktari alimpa kioo na kumweleza: meno hayakurefuka, ni fizi zilizopanda na kuyaacha wazi. Ukoga uliogandamana chini ya fizi umekula mfupa unaoshikilia jino, mswaki mgumu umechuna fizi, na pini na nyuzi zimelisukuma jino kila siku.

“Yaani pindo limepanda,” alisema Fundi Pini.

“Limepanda, mama. Na halitashuka lenyewe.”

“Basi tulishone hapohapo lilipo, daktari. Lisipande zaidi.”

Daktari alitabasamu, akasema ndiyo kazi yenyewe. Alimsafisha ukoga wote, akampa mswaki laini na kumfundisha kuuzungusha bila nguvu. Akamwekea sharti moja: asitie pini wala uzi mdomoni. Baada ya miezi mitatu angepima tena. Kama namba imeshuka na jino limetulia, litabaki. Kama sivyo, litang’olewa, na mwanya wa mama yake utaondoka nalo.

Mswaki aliuzoea kwa wiki moja. Pini ndizo zilizomtesa. Mkono ulijipeleka mdomoni wenyewe kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Na sasa kinywa kikiwa kitupu, maneno yalimtoka kutwa nzima, hata wifi akalalamika kwamba kumbe miaka yote ile pini ndizo zilizokuwa zikimwokoa.

Halafu siku ya tisa mwalimu mmoja mstaafu alirudi na koti lake jipya. Hakugomba. Aliweka mezani pini moja yenye kichwa chekundu, akasema aliikuta kwenye ukosi, na shingo yake ndiyo iliyoikuta. Fundi Pini alimwomba radhi mara tatu. Mwalimu alipoondoka, Fundi Pini aliichukua ile pini, akaiinua kuelekea midomoni.

“Irudishe huko,” alisema wifi bila kuinua macho, “halafu tukazike meno.”

Mkono ulishuka. Fundi Pini alichukua kipande cha sponji, akachora juu yake nukta kumi kwa kalamu, akakifunga kwenye kifundo cha mkono kwa utepe. Kila pini ikapata nukta yake. Nukta moja ikiwa wazi, nguo haitoki mezani. Tangu siku ile hakuna shingo nyingine iliyochomwa, na mwalimu mwenyewe ameleta suruali mbili.

Miezi mitatu inatimia Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kadi ya daktari imebandikwa ukutani, juu ya mkasi. Fizi hazijatoa damu tangu mwezi uliopita. Kila asubuhi ulimi wake huligusa lile jino, na jino limekaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Ameshona blauzi ya bluu, na jana alipita kwa mpiga picha kumwambia kwamba Alhamisi, akitoka kwa daktari, atakuja kupigwa picha akicheka.

Wifi alimuuliza kwa nini asingoje kwanza kusikia namba.

“Blauzi imeshakamilika, wifi,” alisema Fundi Pini, akahesabu nukta kumi kwenye mkono wake. “Wewe andaa viatu tu. Tunaondoka saa mbili.”