Mbuyu Bado Yuko Kazini

Kazini walimwita citoyenne, yaani mwananchi, kanisani walimwita Phébé, na nyumbani, tangu azae, walimwita mama wa mtoto asiye na jina. Hilo la tatu lilimchoma. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, mnene, mwenye macho ya mtu mzima, na jina lake lilijulikana tangu akiwa tumboni: Mbuyu, la babu yake aliyefariki mwaka uliotangulia. Lakini hakuna aliyethubutu kumwita hivyo.

"Jina ya muntu mwenye bado iko ku kazi, hapana kumupa mutoto," alisema shangazi Émerence, dada wa marehemu. "Weye mwenyewe njo unamuita kila asubui. Atakuja kwa mutoto namna gani?"

Na kweli alikuwa akimwita. Mbuyu alikuwa karani mkuu wa mabehewa hapo stesheni ya reli ya Kamina. Kompyuta ilipoletwa mwaka themanini na tano, pamoja na programu ya kampuni moja ya ng'ambo, karatasi ya leseni iliuliza jina la mtumiaji. Kwa watu wa reli, anayepokea mzigo hutia sahihi kwa jina lake mwenyewe. Ndivyo Mbuyu alivyopokea magurudumu na mafuta kwa miaka ishirini na sita. Akaandika jina lake, akapiga muhuri, akaenda kunywa chai. Tangu siku hiyo programu haikumjua mtu mwingine.

Alipofariki, binti yake Phébé akarithi kiti. Kila siku saa moja asubuhi aliandika MBUYU, na kioo kikajibu kwa herufi za kijani: BONJOUR MBUYU. Saa moja hiyohiyo, nyumbani, mtoto aliyelala fofofo alifumbua macho na kugeuza uso kuelekea stesheni. Shangazi alishuhudia. Siku umeme ulipokatika mpaka saa tatu, mtoto naye alilala mpaka saa tatu. Phébé aliogopa, tena alisema wazi kwamba anaogopa.

Kuacha kuandika hakukuwezekana. Habari za kila behewa, breki zake na matengenezo yake, zilifungiwa ndani ya programu ile, na bila hizo hakuna treni iliyoruhusiwa kuondoka. Jean, fundi wa Lubumbashi, alikuwa ametunga programu yake, nzuri tu, isiyochagua wa kumsalimu. Lakini haikuweza kusoma yaliyofungwa.

Ndipo habari ikaja kwamba mahakama huko ng'ambo imeona kampuni ile inawanyonga wenzake kwa kufuli hilo, na imeiamuru impe kila mteja karatasi za kueleza jinsi ya kulifungua. Phébé alicheka peke yake barabarani kama mwehu. Baba atapumzika, mtoto ataitwa!

Bahasha ilifika mwezi wa sita. Jean alipanda treni akaja kuisoma. Alisoma masharti yaliyobandikwa juu yake, akayarudia, kisha akaiweka mezani bila kuifungua.

"Batu ba kampuni banatii tribunal, citoyenne, lakini angalia. Mwenye kufungua ni ule tu mwenye jina yake iko ku licence. Hapana kunionyesha miye. Na akisha kusoma, hapana kuandika programme ingine, hapana kusaidia muntu mwenye kuandika."

"Mwenye jina alikufa, Jean."

"Ukibaambia vile, licence inakufa pamoja naye. Wagons zote zinabakia mu machine."

Huo ndio utiifu wa wakubwa. Mlango wameufungua, na anayeruhusiwa kupita ni maiti. Jean akarudi kwao na treni ileile.

Phébé alikaa na bahasha siku nne. Siku ya tano, mchana kweupe, alimbeba mtoto mgongoni mpaka ofisini, akamshusha, akamnong'oneza sikioni: "Mbuyu." Mtoto akatulia kabisa. Kama baba amerudi, aliwaza Phébé, basi mwenye leseni yu hai, na atie sahihi mwenyewe. Alipaka kidole gumba cha mtoto wino wa muhuri, akakigandamiza chini ya masharti.

Akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa thelathini ambazo hakuelewa hata mstari mmoja, na Jean aliyeweza kuzielewa hakuruhusiwa kuziona. Mwisho wa ukurasa wa mwisho palikuwa na sharti moja zaidi: aliyetia sahihi atabaki mtumiaji wa programu hii, na hii peke yake, maisha yake yote. Alimtazama mtoto. Alikuwa akinyonya kile kidole chenye wino.

Kesho yake alikuja naye tena mgongoni, kwa kuwa shangazi alikataa kubaki naye. Akawasha mashine. Hakuwa amegusa kibonye hata kimoja. BONJOUR MBUYU, kikaandika kioo.

Mgongoni kwake mtoto akakohoa, kikohozi kikavu cha tumbaku, kikohozi cha karani mkuu, kisha akanyoosha mkono juu ya bega la mama yake kuelekea vibonye. Phébé aliushika, akauvuta kwa nguvu zake zote, na haukusogea.