Msamaha wa Kurasa Kumi na Mbili

Kwenye steshenari moja ya Iringa mjini, mwalimu wa vijana alikuwa akichapiwa somo la kambi ya Pasaka, "Msamaha", kurasa kumi na mbili. Hakutulia, mara akae, mara asimame nyuma ya dada anayechapa.

"Mwaka jana walisinzia wote, dada. Na mimi nikiwa na umri wao nilitoroka kambini kule Tosamaganga, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mama akafungua mlango, akanipakulia ugali, hakuniuliza kitu."

Vidole vya dada vikasimama. "Hiyo iko ukurasa wa ngapi, mwalimu?"

"Hiyo haimo. Hilo si somo."

Dada akaweka mikono mapajani.

Nyuma yao, nikisubiri zamu yangu ya kuchapiwa, nilikuwa nimeshika kurasa nane za nasaha nilizoandika kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu. Nilizikunja, nikarudi nazo nyumbani.